Kilio na Mizani: Utenzi wa Zaburi wa Mathias Mnyampala

Si kila ukimya ni utulivu, wala si kila mazoea ni usingizi. Neno hili lafaa kukumbukwa na kila asomaye Utenzi wa Zaburi, uliotolewa mwaka 1965 na Mathias Mnyampala, mshairi na hakimu, Mgogo Mkatoliki wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969.

Bahari ya utenzi ni ya kale. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo aliitumia kusimulia vita vya Herekali. Vipande vinne, mizani minane, na kina cha mwisho kirudicho toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho: mwendo huo wafaa safari ndefu ya hadithi. Lakini zaburi 150 si hadithi moja. Ni vilio, shukrani, laana na sifa. Mhakiki aweza kulaumu, kwa haki, kwamba kina kisichobadilika chamvisha mwenye kulia na mwenye kushangilia vazi moja.

Lawama hiyo ina nguvu kwa asomaye peke yake, kimya, kwa kikao kimoja. Hupungua nguvu zaburi ikirudishwa mahali pake, yaani kinywani mwa mkutano. Katika kigango kidogo cha Ugogo, ambako padre hufika kwa zamu na katekista huongoza sala za Jumapili, mapya ni machache: benchi ni lile, kengele ni ile, sauti ni zile. Nchi hiyo ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mvua ikikosa, njaa hubisha hodi, kama ile ya Mtunya iliyowaua Wagogo wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, mshairi akiwa mtoto mchanga. Yawepo mavuno au yasiwepo, waumini huketi palepale, wakasali kwa mwendo uleule. Hapo usawa wa mizani si umaskini wa sanaa; ni sura ya moyo uliokinai.

Ila kukinai si kunyamaza. Zaburi hupeleka malalamiko mbele ya Mungu pasipo haya. Na mkutano uimbao sifa tupu, ukaviruka vilio, hauna ukinaifu bali ganzi. Hapa ndipo chaguo la Mnyampala lapata utetezi wake: kilio kilichopewa mizani ileile ya shangwe kimepewa pia haki ileile ya kurudi kila Jumapili.