Uboreshaji au Ufaraguzi? Juu ya Istilahi Moja ya Muziki wa Jazi

Nilikuwa Migato, mkoani Simiyu, kwa mapumziko, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa, kijana mmoja wa jirani anayejifunza gitaa aliponionyesha katika simu yake somo la mwanamuziki wa jazi wa Marekani. Wanamuziki wa namna hiyo ni wengi siku hizi: hupakia mtandaoni nyimbo zao pamoja na mazoezi, na mwenye simu popote alipo hupakua. (Kupakia na kupakua ni istilahi zilizofaulu kwa sababu zilitoka jahazini na jikoni, wala hazikuhitaji kufafanuliwa.) Chini ya picha yalikuwa yakipita maneno ya Kiswahili yaliyofasiriwa na mashine. Kila mwalimu alipolitaja lile jambo ambalo ndilo roho ya jazi, yaani kutunga muziki papo hapo huku ukiupiga, mashine iliandika “uboreshaji”. Kijana akaniuliza swali la haki kabisa: “Kaka, wimbo huu una kasoro gani hata uboreshwe?”

Chanzo cha kosa si kigumu kukiona. Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti: moja lina maana ya kufanya jambo bora zaidi, la pili lina asili ya Kilatini na maana yake ni kufanya lisiloonwa kabla. Mashine imelichukua la kwanza mahali pa la pili. Mashine ingesameheka, lakini neno hili nimekwisha kulikuta pia katika matangazo ya mafunzo yaliyoandikwa na binadamu. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kijana yule alikuwa ametumia siku kadhaa kutafuta upigaji “ulioboreshwa”, ili aukariri sauti kwa sauti. Alikuwa akijifunza kwa bidii kinyume cha kile alichokuwa akifundishwa.

Je, Kiswahili hakina neno? Kinalo. Kufaragua limo katika kamusi, na ufaraguzi umekwisha kuzoeleka. Tatizo ni kwamba limesomea madarasa mawili. Katika mafunzo ya ualimu hapa Tanzania, kufaragua ni kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana, kama vizibo vya chupa vya kuhesabia, pale zana zenyewe zinapokosekana. Katika vitabu vya fasihi simulizi vya shule za Kenya, ufaraguzi ni uwezo wa fanani wa kubuni na kubadili utungo mbele ya hadhira bila kufungwa na umbo lake la awali. Tena ipo maana kongwe, ya kujifaragua, yaani kujitapa. Wapo watakaosema kwamba maana hiyo ndiyo inayowafaa zaidi wapiga gitaa la solo, sitawapinga sana.

Maana ya zana haitufai, kwa kuwa mpiga jazi hatungi papo hapo kwa sababu ya upungufu. Maana ya fasihi simulizi yafaa, ila kwa sharti moja. Ile “bila kufungwa” yaweza kumpotosha mwanamuziki kama alivyopotoshwa na uboreshaji, kwani atadhani kwamba kufaragua ni kupiga lolote linalokuja vidoleni.

Tutazame kazi yenyewe. Mwaka 1967 Jamey Aebersold wa Marekani alianza kutoa sahani za mazoezi ambamo piano, besi na ngoma hupigwa, na nafasi ya mwanafunzi ikaachwa wazi. Mwanafunzi hujaza nafasi hiyo apendavyo, lakini mzunguko wa wimbo haumsubiri. Akipotea, hupotea peke yake. Kwetu neno jazi limekuwa jina la bendi za dansi tangu Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930 hadi Morogoro Jazz na Nuta Jazz. Muziki wa bendi hizo si jazi ya Wamarekani, lakini sheria ni ile ile. Wimbo ufikapo kwenye chemko, gitaa la rithimu na besi hushikilia mapigo yao bila kuchoka, na kwa sababu hiyo gitaa la solo hupata ruhusa ya kutangatanga. Msikilize Mbaraka Mwinshehe: haachi mahadhi, huyazunguka. Katika taarabu ya Unguja kuna taksimu, ambamo mpiga udi au fidla huachiwa uwanja peke yake. Hata hapo hutembea ndani ya makamu, wala hatoki nje. Na hapa Usukumani, katika mashindano ya Bagika na Bagalu, manju hupindisha maneno kufuatana na watu waliopo uwanjani, huku waitikiaji wakiwa ndio ukuta wake.

Kwa hiyo napendekeza ufaraguzi usanifiwe katika muziki, na fasili yake iseme hivi: utungaji wa muziki wakati ule ule wa kuupiga, ndani ya mapigo, mahadhi au mzunguko unaoshikiliwa na wenzi. Atendaye ni mfaraguzi. Taksimu ibaki kuwa jina la ufaraguzi wa taarabu, na chemko liachwe lilivyo, kwa kuwa ni jina la sehemu ya wimbo, si la kitendo. Sikubaliani na wanaotaka kuunda neno jipya la kuunganisha, mfano wa usanisinuru. Mcharazaji gitaa hatalitamka mazoezini.

Nilimweleza kijana hayo, bila ya fasili. Aliirudisha video mwanzo, akaondoa sauti ya mwalimu masikioni mwake na kubakiza besi na ngoma. Alipotea mara tatu. Mara ya nne alirudi pamoja na ngoma, kisha akaniuliza kama hicho alichopiga kina jina. Nilimwambia kwamba bado tunakijadili.