Karibuni ya mlangoni na karibuni ya waziri

Piga hodi kwenye nyumba yoyote ya Mwambao ukiwa na wenzako, utajibiwa "Karibuni!" Fungua gazeti la siku hiyohiyo: waziri ameahidi kuwa barabara itafunguliwa "hivi karibuni". Herufi ni zilezile nane, umbo si moja. "-ni" ya mlangoni ni ya wingi, kama ilivyo katika "njooni", "asanteni" na "kwaherini", inahesabu watu. Ya waziri ni ile ya "nyumbani" na "sokoni", ila mahali pamegeuzwa wakati.

Ya mlangoni ndiyo inayonivutia zaidi. Neno hili tulilipata kwa Waarabu likimaanisha kilicho jirani, wala halikuwa kitenzi. Sisi tumelivika kiambishi cha amri kana kwamba tumelizaa. Anayekula pilau akikwambia "Karibu", hakupimii umbali, anakuita sahanini. Usipotaka, unamjibu "Starehe". Na mgeni aliyekwisha kuketi barazani, akikaribishwa tena, husema "Asante, nimeshakaribia". Hapo sarufi imepindwa. Basi lililokaribia kituo halijafika kituoni, lakini mgeni aliyeshakaribia amefika, amekaa, pengine na kahawa anayo mkononi.

"Hivi karibuni" haina mbele wala nyuma. "Alihama hivi karibuni", "atahama hivi karibuni": mzigo wote umebebwa na "-li-" na "-ta-". Viondoe, uandike "Daraja jipya hivi karibuni", msomaji hajui kama avuke au asubiri. Ningekuwa mhariri, ningeifuta kila inapotumika kukwepa tarehe. (Wasemaji wa serikali wangenichukia.)

Kamusi hulipanga karibu pamoja na nusura na takriban, na msomaji akadhani anaweza kuchukua lolote. Hebu tubadilishe. "Karibu azame", "nusura azame": zote zinasimama, na zote zinataka "azame", si "alizama". Lakini nusura ni jamaa wa nusuru, yaani okoa, kwa hiyo ndani yake mna janga na mna kuponyoka. Mtahiniwa aliyepungukiwa na alama moja, nakubali tuseme "karibu afaulu". "Nusura afaulu" sikioni mwangu ni kichekesho, kama kwamba kufaulu ni ajali aliyoepushwa nayo.

Takriban limetoka mzizi uleule wa Kiarabu na karibu, ila limeshikamana na hesabu: "takriban watu 200". "Takriban azame" hasemi mtu. Akraba nalo ni la mzizi huo, likabaki kwenye damu. Jirani mliyepakana ua miaka yote si akraba yako.

Kiunganishi nacho kina kazi yake. "Anaishi karibu na mimi" ni habari ya ardhi, unaweza kuipima kwa hatua. "Ni mtu wangu wa karibu" haipimiki hivyo: wewe uko Tanga, yeye yuko Muscat, na bado ni wa karibu. Ukimwita "mtu wangu wa jirani", umemrudisha uani. Hata hivyo "-a" haina nguvu hiyo kila mahali, maana "duka la karibu" ni lile la pale kona tu, hata kama mwenye duka hasalimiani nawe.