Rangi Inapotoweka Majini: Kazi ya Bakteria na Mabaki Yasiyoonekana

Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo, yaani zile ambazo katikati ya molekuli yake kuna atomu mbili za naitrojeni zilizoungana kwa kifungo maradufu, na kifungo hicho, pamoja na pete za kaboni zilizo pembeni yake, ndicho kinachonyonya mwanga na kuifanya nguo ionekane nyekundu au njano. Katika rangi za pamba zinazojifunga kwenye uzi wenyewe, kati ya asilimia 10 na 50 hazishiki, nazo huyeyuka kabisa kiasi kwamba bwawa la kutuamisha haliziondoi.

Bakteria huziondoa kwa kuzipa elektroni. Mahali pasipo na hewa, bakteria wanaokula wanga au sukari hutafuta pa kuzipeleka elektroni za chakula hicho, na kwa msaada wa kimeng'enya huzipeleka kwenye kifungo cha azo mpaka kikatike. Lakini oksijeni ikiwapo huzipokea kwanza, na ndiyo maana kiwanda kinachoanza kwa kupuliza hewa hutumia umeme bure huku maji yakibaki na rangi. Kilichokatika hakijaisha. Vipande vinavyobaki huitwa amini za aromatiki, ambazo nyingi hazina rangi, baadhi, kama benzidini, husababisha saratani, na kwa kawaida huhitaji bakteria wa aina nyingine, wanaotumia oksijeni, ili zimeng'enywe zaidi. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni kuanza bila hewa na kumalizia na hewa.

Afrika Mashariki inao mfano mzuri wa kuunganisha hatua hizo mbili bila mashine. Mwaka 2005 Stephen Mbuligwe wa Dar es Salaam alichapisha matokeo ya kusafisha majitaka ya vitambaa vya kufunga na kutia rangi kwa kutumia ardhioevu ya kujengwa, yaani vitalu vilivyopandwa magimbi au mimea ya jamii ya Typha, na vitalu hivyo viliondoa rangi vizuri zaidi kuliko kile kisichopandwa kitu. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi yako mizizini: mizizi ya mimea ya majimaji huvujisha oksijeni kidogo, hivyo bakteria wanaoihitaji huishi jirani nayo, na wasioihitaji hukaa mbali kidogo, ndani ya kitalu kilekile.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi wa batiki hutumia rangi za namna tofauti, zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti. Rangi hizi zikipokea elektroni hubadilika sura na kuyeyuka, kisha zikikutana na hewa hurudia rangi yake na kuwa chembe zisizoyeyuka. Kwa hiyo bakteria wanaweza kuonekana wamefaulu asubuhi na jioni rangi ikarejea, ilhali kutuamisha na kuchuja kungetosha kwa sehemu kubwa. Kabla ya kuchagua bakteria ni lazima ijulikane fundi ametumia rangi gani, jambo ambalo watafiti wa maabara, wanaopenda rangi moja safi kwenye chupa, hulipita upesi mno.

Katika mji wa Arua nchini Uganda, ambako mto Enyau ni chanzo cha maji ya mjini, na vilevile katika mji wa Koboko, kitalu cha magimbi kingeweza kujengwa kwa gharama ndogo, ila maji yenye kostiki yangewaua bakteria kabla hawajaanza kazi. Maji ya kulowekea muhogo, ambayo yamechachuka na yana wanga, yangepunguza ukali huo na papo hapo kuwapa bakteria chakula chenye elektroni, mradi kiasi cha sianidi ya muhogo kipimwe kwanza.

Kinachobaki ni kipimo. Kanuni za Uganda za mwaka 1999 kuhusu majitaka ziliruhusu rangi hadi vizio 300 na mahitaji ya oksijeni ya kikemia hadi miligramu 100 kwa lita, na maji yaliyokwisha kupoteza rangi yanaweza kukidhi masharti yote mawili huku yakibeba miligramu chache za amini ambazo vipimo hivyo viwili haviwezi kuzitambua.