Sifa za Mwenda Pole

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kupanda pikipiki. Juu ya magurudumu mawili mambo yanageuka: anayekwenda pole ndiye anayeyumba. Pikipiki ikishapita mwendo wa mtu anayekimbia, hujishikilia yenyewe. Dereva hata akilegeza mikono kidogo, chombo kinaendelea kunyooka. Ndiyo maana kijana wa Lizaboni, mjini Songea, anaazimwa Boxer ya mjomba wake leo jioni, na kesho yupo kwenye lami, anaamini kwamba anajua. Kilichomshikilia ni kasi. Mpunguze hadi mwendo wa bibi anayetoka sokoni na kikapu kichwani, mwambie apite katikati ya mawe mawili bila kushusha mguu, ndipo utajua kama ni dereva au ni abiria aliyekaa mbele.

Ufundi huo wa kwenda pole ndio ninaotaka kuusifu. Hauna mashabiki wengi. Hakuna anayesimama kando ya barabara kumpigia makofi mtu aliyegeuza pikipiki kwenye uchochoro bila kugusa ukuta. Lakini ukikaa kijiweni na waendesha yeboyebo, yaani bodaboda, wa siku nyingi, utaona wao kwa wao wanapimana kwa vitu hivyohivyo: nani anapita kwenye tope na mgonjwa nyuma, nani anashuka mlima na gunia bila kelele za breki.

Songea inafaa sana kufundishia jambo hili, kwa sababu haina tambarare ya kumdanganya mtu. Mji umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanzia safari yake ndefu kwenda Bahari ya Hindi, iko jirani. Lami imeshika njia kuu: ya Njombe, ya Namtumbo na Tunduru, ya Mbinga hadi Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ukiiacha tu, ukaingia mitaa ya ndani ya Bombambili, Msamala au Mjimwema, unakutana na udongo mwekundu na mteremko. Kiangazi udongo huo ni vumbi juu ya kokoto, na kokoto hubingirika chini ya tairi. Masika yakianza, tabaka la juu linalainika wakati chini bado kugumu, na tairi linatafuta pa kushika halipaoni. Kasi haikuokoi hapo. Kinachokuokoa ni mkono wa kushoto, unaoshika klachi.

Mwalimu anayejua kazi yake haanzi na injini. Anamwambia mwanafunzi aisukume pikipiki ikiwa imezimwa, azunguke nayo uwanja, aigeuze, aisimamishe, aiweke stendi, aitoe. Chombo kina kilo zaidi ya 100, na mwili lazima uujue uzito huo kabla ya kuongezewa moto. Wengi hulalamika kwamba wamelipa ada ya kuendesha, si ya kusukuma. Lakini anayesukuma anagundua mapema kwamba pikipiki iliyosimama wima ni nyepesi, ikiinama kidogo inavumilika, ikiinama zaidi ya hapo haina tena rafiki. Ukijua mpaka huo uko wapi, nusu ya woga imeondoka.

Kisha ndiyo inakuja klachi. Kuna mahali, kati ya mkono uliobana na mkono ulioachia, ambapo injini na gurudumu zinaanza kusalimiana. Sahani za klachi, ambazo kwenye pikipiki nyingi za hapa zinaoga ndani ya oili, zinagusana lakini bado zinatelezeana. Anayeachia kwa pupa, injini inazima au chombo kinaruka. Anayeijua nafasi hiyo anaweza kuiambia pikipiki isogee hatua moja, isubiri kuku apite, isogee tena. Kwa hiyo mwalimu anamkataza mwanafunzi kuvuta mafuta kabisa. Gia ya kwanza, sailensa inanguruma taratibu, vidole vinaachia kidogokidogo, chombo kinaondoka chenyewe. Mwanafunzi akishaweza kuondoka hivyo mara nyingi mfululizo, mkono wake wa kushoto umeanza kufikiri, na mkono wa kulia unajifunza subira.

Baada ya mkono ni macho. Pikipiki inakwenda unakotazama, na hili halina mjadala. Ukilitazama shimo kwa hofu ya kuingia, unaingia. Ukitazama tairi lako la mbele ili uone kama limenyooka, unaanguka. Katika zoezi la namba nane, wanaoanza hutazama chini na kuweka mguu chini kila wanapofika kwenye kona. Mwalimu anapaza sauti, "Dada, kichwa! Geuza kichwa kwanza!" Mwanafunzi anageuza shingo, anatazama mahali anapotaka kutokea, na mwili unafuata bila kuulizwa. Mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma kwa mbali, klachi inacheza, na nane inakamilika. Nimeona watu wazima wakicheka kwa furaha baada ya nane ya kwanza, na hakuna mwendo wa lami uliowahi kuwapa furaha ya namna hiyo.

Breki zinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hapo ndipo hekima ya mtaani inapochanganya ukweli na uongo. Wengi waliotoka kwenye baiskeli wameambiwa wasiguse kabisa breki ya mbele, kwamba itawapindua. Kwenye lami kavu ushauri huo ni hatari. Chombo kinapopunguza mwendo, uzito unakimbilia mbele, tairi la mbele linakandamizwa barabarani, na breki yake ndiyo yenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Ya nyuma peke yake inaburuza tairi huku safari ikiendelea. Lakini ukiwa kwenye tope la Mjimwema mambo yanabadilika: breki ya mbele ikibanwa ghafla, tairi linafunga, linateleza, na uko chini kabla hujajua sababu. Ufundi ni kubana kwa kuongeza polepole, na kusoma ardhi kabla ya kubana. Sheria inakuruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Katika mwendo huo unapita karibu mita 14 kila sekunde moja. Mtoto akitokea, mita hizo zinakwisha kabla vidole havijafika kwenye breki. Kwa hiyo anayeingia mtaani huweka vidole viwili juu ya breki mapema, na mafuta ameyapunguza mapema zaidi.

Upande wa Lukumburu, kwenye njia ya Njombe, kuna mtihani mwingine: kona na miteremko. Wapo wanaoweka fri wakishuka ili kuokoa mafuta. Wanaokoa kijiko cha petroli, wanapoteza msaidizi mkubwa. Gia ndogo inaifanya injini izuie gurudumu, na breki zinabaki baridi kwa ajili ya dharura. Dereva mzuri anashuka mlima kwa gia karibu ileile ambayo angepandia.

Kuendesha peke yako, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Mkoa wa Ruvuma unalima mahindi mengi kuliko unavyoweza kula, na Mbinga inalima kahawa. Msimu ukifika, pikipiki zinabeba mavuno, mbolea, mabati, kuku na watu. Gunia limefungwa, linatulia. Abiria anageuka kumsalimia mtu, anatafuta simu mfukoni, anajipinda upande usiotakiwa kwenye kona. Mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au mgonjwa wa kwenda hospitali ya Peramiho, anahisi kila kosa la dereva tumboni na mgongoni. Kuna kipimo ambacho abiria yeyote anaweza kukitumia bila kusomea: sikiliza kofia. Dereva akibadili gia au kufunga breki, na kofia yako ngumu ikagonga ya kwake, bado ni mwanafunzi. Zikikaa kimya kutoka stendi hadi nyumbani, umebebwa na fundi.

Na kofia hizo ziwepo, mbili. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo inayoning'inia kwenye usukani ikisubiri trafiki aonekane haijapunguza chochote.

Chombo chenyewe nacho kinadai kujulikana. Pikipiki nyingi tulizokulia zina ukoo na Honda CG125, ambayo Wajapani waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakiwalenga watu wanaobeba mizigo mizito na kuchelewesha matengenezo. Waliirahisisha injini ili ivumilie. Wachina wakaifuata kwa majina mengi, na Wahindi wakaja na Boxer na TVS zao. Uvumilivu huo umetudekeza. Cheni inalegea hadi inapiga kelele, oili inakuwa nyeusi tii, na chombo bado kinawaka kwa kiki moja. Mwanafunzi anayefundishwa kukagua cheni, tairi, taa na oili kila asubuhi anajifunza pole nyingine: ya kutoondoka kabla ya kutazama.

Yote haya yanatufikisha kwenye leseni. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaitaka, na utaratibu wake unaeleweka: shule ya udereva, iwe VETA au nyingine iliyosajiliwa, leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena, alama za barabarani na haki ya njia, pamoja na nani ampishe nani kwenye kipilefti, kisha jaribio mbele ya askari mkaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani, mwisho malipo na kadi kutoka Mamlaka ya Mapato. Daraja A1 ni la pikipiki zenye injini ndogo, chini ya ujazo wa cc 125. Kubwa zaidi zinaingia daraja A. Uwanjani mkaguzi hataki kujua unafika Njombe kwa muda gani. Anataka uondoke bila kuruka, ukate kona bila kushusha mguu, uonyeshe ishara kabla ya kugeuka, usimame pale ulipoambiwa. Karibu yote anayoyatazama ni mambo ya mwendo wa pole, na ana sababu: huko ndiko kutojua kunakojitokeza.

Wapo wanaosema leseni ni ya kumwonyesha trafiki tu. Tusiwabeze, maana wana hesabu zao. Kijana anayeendesha pikipiki ya tajiri analeta hesabu, yaani fedha ya siku, kila jioni. Siku aliyokaa darasani hakuna hesabu, na tajiri hasikilizi. Biashara ya yeboyebo ilianza mtaani kabla sheria haijaitambua. Kanuni za kusafirisha abiria kwa pikipiki zilikuja mwaka 2010. Kwa miaka yote ya mwanzo kijiwe ndicho kilichokuwa shule, kaka akimfundisha mdogo wake, na kijiwe kimetoa madereva hodari. Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya kosa la pikipiki kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na wapo waliopiga hesabu harakaharaka wakaona faini ni nafuu kuliko leseni.

Hesabu hiyo ina pengo moja. Kijiweni anayekufundisha ni rafiki yako, na rafiki anachoka mapema. Ukiweza kwenda na kurudi, anakupigia makofi na kukupa abiria wa kwanza. Hakutazami ukigeuza mahali pembamba kwa sababu hata yeye hakutazamwa. Leseni iliyopatikana kwa haki ni ushahidi kwamba mtu asiye rafiki yako, asiye na haraka na hesabu yako, alisimama akakutazama ukienda pole, na hakuona cha kukurudisha. Iliyonunuliwa kwa njia ya mkato haishuhudii kitu, hata kama kadi zinafanana.

Wanafunzi ninaowaamini zaidi ni wanaoanza wakiwa wazima: muuguzi wa zahanati ya mbali, katekista, bibi shamba aliyekabidhiwa pikipiki ya kazi. Tangu mwaka 2022 Serikali ilipoanza kugawa pikipiki kwa maafisa ugani, wapo waliokabidhiwa ufunguo wakiwa na watoto wa sekondari. Hawana sifa ya kulinda mbele ya wenzao. Wanauliza, wanarudia, wanakubali kusukuma. Ukikutana na mmoja wao masika, amejipanga nyuma ya lori kwenye tope, miguu juu ya pedeli, klachi ikipumua mkononi, utaona vijana watatu wamempita kwa fujo na mbele kidogo wawili wamesimama wakijifuta matope.

Kwa hiyo anayetaka kuanza aulize kwanza kama mwalimu wake ana uwanja, mawe mawili na subira. Asiulize lini ataruhusiwa kukimbia. Kasi itamfikia bila kuitwa, maana mteremko wowote wa Songea unaigawa bure. Pole ndiyo inayolipiwa ada.