Mlima Tunautazama, Hatuupandi

Ukiyapima mashairi yetu kwa msamiati wake, utakuta kwamba Kiswahili kina miguu ya majini. Tuna jahazi, dau, mashua na ngalawa. Tuna kusi na kaskazi, matlai na umande. Tuna bamvua na maji mafu. Mtunzi wa pwani huweza kutunga beti hamsini juu ya bahari asirudie taswira. Mpe mlima, na baada ya beti tatu atakuwa amekwisha kusema kwamba ni mrefu, kwamba umesimama imara, na kwamba theluji yake ni nyeupe. Ameutazama kwa mbali, hakuupanda.

Jibu la haraka litakuwa kwamba visiwa havina milima, na kwamba huwezi kumdai mvuvi habari za ukungu wa kileleni. Jibu hilo halitoshi. Watu wa Unguja wameiita pwani inayowakabili Mrima, na wapo wanaolihusisha jina hilo na neno lenyewe mlima: nchi inayonyanyuka nyuma ya mikoko. Ikiwa ni hivyo, kilima kimo ndani ya jina la jirani yetu tangu kale. Na lugha yenyewe haikubaki ufukoni. Ilipanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, na leo ndiyo lugha ya kila siku ya wanaobeba mizigo kwenye Mlima Kilimanjaro. Miguu ya Kiswahili imefika juu. Kalamu yake imebaki chini.

Nikiyapanga maandishi ninayoyafahamu, naona mlima umeingia katika fasihi yetu kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa ufunuo. Tenzi zetu za kidini zinaijua Turi Sina na pango la Hira, na mlima humo ni mahali ambapo mja hukutana na neno la Mola wake. Haufai kuulizwa habari za njia, mawe na jasho, kwa sababu aendaye huko haendi kutazama mandhari. Hata Wazungu walianza hivyo. Mshairi Petrarca alipoupanda mlima Ventoux mwaka 1336, alikifungua kileleni kitabu cha Mtakatifu Augustino, akaona haya kwamba alikuwa akistaajabia vilima badala ya kuitazama nafsi yake. Ilipita karne nyingi kabla ya washairi wa kwao kutembea vilimani bila kuomba radhi.

Mlango wa pili ni wa bendera. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, na tangu hapo kilele chenye mita 5,895 kinaitwa Uhuru. Lilikuwa tendo kubwa, na washairi walikuwa na haki ya kuliimba. Lakini waliloliimba ni mwenge. Mlima uligeuka kinara cha kuushikia, na kinara hakina historia wala majani. Wapendwao kwa namna hiyo hupendwa bila kujulikana.

Mlango wa tatu ni wa hazina. Vizazi vya wanafunzi vilisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929 kutoka riwaya ya Rider Haggard. Humo milima ni ukuta unaoficha mali, na anayeupanda ana hamu ya kushuka upande wa pili. Sidhani kama nitakuwa nimekosea nikisema kwamba kitabu hicho kimewafundisha wasomaji wengi kuutazama mlima kama jambo la kuvukwa.

Kwa hiyo tafsiri ya Peponi, aliyoitoa Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kutoka riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ni tukio kubwa kuliko shangwe za Nobeli zilizolitangulia. Yusuf, kijana aliyetolewa na baba yake kufidia deni, anaachwa na Bwana Aziz kwa Hamid Suleiman katika mji ulio chini ya mlima. Kisha anapanda pamoja na Hamid na Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, hadi Olmorog, anakoishi Mzanzibari mmoja aliyejitenga, jina lake Hussein. Angalia alivyofanya mwandishi: amemchukua mtu wa kisiwani, akamweka juu mlimani na kumwacha akae. Hussein haji kushinda kilele. Ana maisha yake pale, na kutoka pale anaona yanayokuja: Wazungu wanaitwaa nchi, na pamoja na nchi watauchukua mwenendo mzima wa kuishi. Mlima umekuwa mahali pa kuonea, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Lakini sifa hii ina mpaka. Mlima wa Gurnah ni wa mazungumzo zaidi ya nyayo. Wasafiri wake ni watu wa biashara, na wanapofika wanakaa na kusimulia; njia yenyewe haikai sana miguuni mwao. Simlaumu, kwa sababu riwaya yake inahusu watu wanaobadilishana hadithi kama wanavyobadilishana bidhaa. Nasema tu kwamba mlango wa nne ameufungua nusu, na kwamba umefunguliwa kwanza kwa Kiingereza, kisha ukaletwa nyumbani na mfasiri. Kiswahili chenyewe bado kinadaiwa.

Deni hilo mfasiri hulihisi kwenye neno moja moja. Ukipita msitu wa Kilimanjaro, kati ya takriban mita 2,800 na 4,000, unaingia nchi isiyo na jina la kutosha katika kamusi zetu: uwanda wa baridi, wenye majani mafupi magumu na vichaka vya erika, ambamo senesio wakubwa wamesimama na vichwa vya majani kama kabichi juu ya vigogo. Kibanda cha Horombo, kwenye mita 3,720, kimo katika nchi hiyo. Je, ni nyika? Nyika ya lugha yetu ni kavu na ina miiba. Ni mbuga? Mbuga siku hizi imekuwa ya watalii na simba. Nyanda za juu ni neno la kitabu cha jiografia. Samuel Mushi alipoileta tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Makbeth mwaka 1968, alikuwa na uwanda wa namna hiyo mbele yake tangu mwanzo, kwa kuwa wachawi watatu hukutana mahali wazi pasipokaliwa, penye dhoruba. Kwa wachawi, mimi ningechagua nyika bila kusita, kwa sababu katika masikio yetu nyika ni makao ya wasioonekana. Kwa Horombo nisingelichagua, kwani neno huchaguliwa kwa kile ambacho mahali humtendea mtu anayepita, na pale mtu hatishwi na mizimu: anapungukiwa pumzi. Atakayetupatia neno la nchi ile lazima kwanza aiwe ameitembea.

Na wapo walioitembea. Wapagazi wa Kilimanjaro, wanaoitana wagumu, huupita uwanda huo mara nyingi kwa mwaka, wakiwa na mzigo ambao kanuni imeuwekea kikomo cha kilo 20. Wanajua upepo wa saa nane mchana na jiwe linaloteleza asubuhi. Wanaimba kwa Kiswahili. Hata hivyo, katika vitabu vya mlima ule wao ni mistari ya nyuma. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kwa kumwongoza Hans Meyer mwaka 1889, lakini aliyeandika kitabu ni Meyer. Ukosefu wa fasihi ya mlimani katika lugha yetu hauwezi kutenganishwa na swali hili: nani hutembea mikono mitupu, na nani hubeba? Kutembea kwetu kuna maana mbili, kwenda kwa miguu na kwenda kuwaona watu. Kutembea ili kuona nchi ni maana ya tatu ambayo bado haijapata uraia. Hapa Chanika, mtu mzima akionekana anapanda kilima bila jembe wala kapu, ataulizwa kwa adabu kama anatafuta kiwanja.

Swali hilo ni la haki, kwani viwanja ndivyo vinavyovipanda vilima. Nyuma ya Chanika kuna Pugu na Kazimzumbwi, vilima vya urefu mdogo vyenye masalia ya msitu wa pwani ambao zamani ulikuwa mpana. Mkaa, nyumba na machimbo vimeula ukingoni, ingawa sasa una hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Mto Msimbazi unaoifurikia Dar es Salaam kila masika huanzia katika vilima hivi. Popo wamejaa mapangoni palipochimbwa kaolini. Msomaji wa Al-Inkishafi, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya magofu ya Pate, anajua jinsi nyumba ya fahari inavyogeuka makao ya viumbe wa gizani. Ila Sayyid Abdalla aliyatazama magofu ili auonye moyo wake. Hapa kuna magofu ya aina nyingine, ya machimbo, na hakuna utenzi.

Historia nayo si haba. Uchimbuzi wa Profesa Felix Chami katika bara lililo nyuma ya pwani hii umeonyesha kwamba wafua chuma waliishi huku katika karne za mwanzo za Miladi, kabla miji ya mawe haijasimama. Masimulizi ya Wazaramo yanamtaja Pazi Kilama, aliyeshuka kutoka upande wa Uluguru na kuwasaidia Washomvi dhidi ya Wakamba: taifa zima la pwani linaloanza kwa mteremko. Na pale Pugu, katika shule ya Mtakatifu Francis, alifundisha Julius Nyerere hadi alipojiuzulu mwaka 1955, akishuka kwenda mjini kwenye siasa na kupanda kurudi, mara nyingi kwa miguu. Mtu huyo alikuwa ametoka kusoma Edinburgh, mji wenye kilima katikati yake, na mwaka 1963 alimtoa Julius Caesar kwa Kiswahili. Tumeandika sana juu ya alikokuwa akienda. Juu ya njia hiyo ya vumbi jekundu, inayoushuka mgongo wa Pugu hadi bandarini, sijaona shairi.

Sisemi kwamba shairi litauzuia msumeno. Nasema kwamba mahali pasipo na maneno huuzwa kwa bei rahisi, kwa sababu mnunuzi na muuzaji wote wawili huamini kwamba hapana kitu. Bahari yetu ina maneno elfu, na atakayetaka kuifukia atapata watu wa kubishana naye kwa majina ya kila mlango na kila mwamba. Vilima vya Mrima havina watetezi wa namna hiyo. Washairi wa visiwani, mnaoiona nchi hii ikiwa mstari wa buluu upande wa machweo, njooni mtupime maneno yenu kwenye mwinuko. Vaeni viatu vizuri. Kusi lenu huku linavuma kwenye mikorosho, na hata jina hatujalibadilisha.