Namna ya Kumpima Fundi wa Mpira, Ukiwa Musonoi

Jumapili alasiri, kwenye viwanja vya vumbi vya Musonoi, kelele kubwa kuliko zote hupigwa pale kijana anapompiga beki tobo. Watu huvamia mstari, watoto huliita jina lake, na mgeni aliyekuja kusaka vipaji huandika namba ya jezi kwenye daftari. Mara nyingi huandika namba isiyostahili. Tobo ni tamu, hata mimi huishangilia, ila hutueleza habari za beki zaidi ya habari za aliyeipiga.

Anayetaka kuutambua ufundi wa kweli aanze na uwanja wenyewe. Musonoi ni mtaa wa wachimbaji ulioko Kolwezi, Katanga, nchini Kongo. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliweka hapa wafanyakazi wake, Gécamines ikaurithi, na mashimo ya shaba na kobalti hayako mbali na nyumba. Mpira wa Katanga umelelewa na kampuni tangu enzi za ukoloni. Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi hadi leo huitwa timu ya watu wa reli. Kiangazi kikiingia, ardhi hukauka ikawa ngumu, vijiwe hujitokeza, na pasi iliyokuwa ikitambaa chini huruka hadi gotini bila onyo. Mtoto aliyekulia hapa huukanyaga mpira kwanza, ndipo anauamini. Ukiona nyayo zake zinapenda kukaa juu ya mpira, usimsifu wala usimdharau. Hiyo ni tabia ya ardhi. Unachotafuta ni kama anaweza kuiacha siku mpira unapokuja sawasawa: mpeleke kwenye nyasi bandia, mtazame robo saa ya kwanza, uone kama bado anaukanyaga mpira ambao haukuhitaji kukanyagwa.

Na jambo la pili ambalo wageni wa pwani hulisahau: Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira mrefu husafiri. Kiungo anayerusha pasi ya mita 40 hapa usimpe alama zote.

Kaa nyuma ya goli. Katikati ya uwanja ndipo wanapokaa wakubwa na viti vyao, na ukiwa pale utauona mpira vizuri, lakini huoni mianya. Nyuma ya goli unaona upana: nani ameachwa peke yake, nani anajificha nyuma ya beki wake ili asipewe pasi ngumu. Kisha fanya zoezi ambalo kila mtu huliona la kipumbavu mpaka alijaribu. Chagua mchezaji mmoja, umtazame kipindi kizima bila kuufuata mpira. Tazama shingo yake. Fundi hugeuza kichwa kabla pasi haijamfikia, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya malori. Mguso wake wa kwanza ni jibu la swali alilokwisha kujiuliza. Asiyegeuza kichwa anaweza kuwa na mguso laini kuliko wote, na bado mguso huo utampeleka kwenye miguu ya adui.

Papa mmoja ninayekaa naye nyuma ya goli hasemi sana. Siku kijana mmoja alipiga danadana na kanzu mbili mfululizo, nikamgeukia: «Papa, umemuona?» Akajibu, bila kutoa macho uwanjani, «Nimemuona. Lakini muulize namba tisa kama naye alimuona.»

Ndilo swali lenyewe. Kila kizazi hapa kinazaa vijana wasiotabirika, na kutotabirika ndiko tunakopenda. Kwa hiyo kazi ya mjuzi ni kutenganisha mshangao wa aina mbili. Upo ule unaowashangaza wapinzani peke yao, na upo ule unaowashangaza mpaka wenzake. Kijana akipiga kisigino na winga wake tayari ameanza kukimbia, hapo kuna ufundi, hata kama pasi imekatwa. Akipiga kisigino hichohicho, winga akasimama mikono kiunoni, umeona mchezo wa mtu mmoja. Usitazame mguu uliopiga. Tazama miguu ya anayepaswa kupokea.

Nitatoka nje ya mpira wetu kidogo, kwa sababu mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua unatoka kwenye besiboli, mchezo usiochezwa Kolwezi. Yasiel Puig, Mkuba aliyeitoroka nchi yake, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ya Marekani akiwa na Los Angeles Dodgers tarehe 3 Juni 2013. Mechi ile iliisha kwa mkono wake: aliudaka mpira kule mbali karibu na ukuta, akaurusha moja kwa moja hadi kituo cha kwanza, na mpinzani aliyekuwa ameondoka kituoni akakamatwa kabla hajarudi. Hakuna aliyetegemea mrusho ule, isipokuwa mwenzake aliyesimama kituoni glavu imefunguka. Mtangazaji mkongwe Vin Scully akamwita Farasi Mwitu. Wiki chache baadaye watu walewale waliomshangilia walianza kulalamika, maana mirusho yake ilikuwa ikipita juu ya vichwa vya wenzake waliowekwa njiani kuipokea. Mkono ulikuwa uleule.

Turudi Katanga, kwa Trésor Mputu, kwa sababu hakuna namna ya kuzungumzia ufundi huku bila yeye. Alizaliwa Kinshasa 1985, lakini TP Mazembe ya Lubumbashi ndiyo iliyomfanya kuwa Mputu. Mwaka 2009 alikuwa mchezaji bora wa CHAN ya kwanza, michuano ya mataifa kwa wanaocheza ligi za ndani ya Afrika, iliyochezwa Ivory Coast na Kongo ikaichukua kwa kuifunga Ghana 2–0 fainali, na mwaka huohuo Mazembe ikatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Waliomwona wakati ule watakuambia alikuwa na dakika za kupotea. Anatembea, anaonekana kachoka, kisha pasi moja inafungua ukuta uliokuwa umefungwa saa nzima. Kwa mtazamaji mgeni alikuwa mvivu. Ungemtazama shingoni ungeona hakuacha kuhesabu.

Mei 2010, kwenye Kombe la Kagame nchini Rwanda, alimvamia mwamuzi. FIFA ikamfungia mwaka mzima. Mazembe ikaendelea bila yeye: fainali ya Afrika ikaichapa Espérance ya Tunis 5–0 Lubumbashi, na Desemba, Abu Dhabi, ikaifunga Pachuca ya Mexico 1–0, kisha Internacional ya Brazil 2–0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilikofungwa na Inter Milan 3–0. Mwaka uliotangulia, Mputu akiwemo, Mazembe ilipoteza mechi zake zote mbili za mashindano hayo.

Wapo waliochukua matokeo hayo kuwa ushahidi kwamba Mputu alikuwa mzigo. Sikubaliani nao hata kidogo. Vijana waliokimbia kwenye mianya kule Abu Dhabi walikuwa wamezoea miaka mingi kuanza kukimbia kabla ya pasi, kwa sababu walicheza na mtu aliyeipiga pasi hiyo. Fundi mkubwa huacha kitu kwenye miguu ya wenzake. Kwa hiyo ukitaka kumpima kijana wa Musonoi, nenda kaitazame timu yake siku ambayo yeye hayupo.

Kuhusu hasira, maana ndipo mazungumzo ya Mputu huishia: mtazame kijana dakika ya kwanza baada ya kupoteza mpira. Anayemkimbilia aliyemnyang'anya ana hasira inayofaa. Anayemgeukia mwamuzi mikono juu, kila mara, mwandike pembeni. Mwenye kugombana na wenzake wanaoikosa pasi yake ni kesi ngumu zaidi, na sina kanuni. Wengine hao ndio hasa wanaoona mbali kuliko timu nzima.

Mputu hakufika ligi kubwa za Ulaya. Alikwenda Kabuscorp ya Angola, akarudi Lubumbashi. Wengine walikwenda, na safari zao ni shule nzuri kwa anayetaka kujua kama ufundi wa vumbi utavuka maji.

Mchukue Dieumerci Mbokani, naye aliyepitia Mazembe. Anderlecht walimjaribu mapema, kisha Standard Liège wakamchukua 2007. Pale alikuta viungo vijana, Axel Witsel, Steven Defour na, kwa msimu wa kwanza, Marouane Fellaini, na mbele akawa na Mserbia Milan Jovanović. Standard, iliyokuwa haijauona ubingwa wa Ubelgiji tangu 1983, ikautwaa 2008 na 2009. Mwaka 2010 akaenda Monaco. Hakung'ara. Akapelekwa Wolfsburg kwa mkopo, hakufunga. Mtu angeandika kwenye daftari: mpira wa Katanga umefika mwisho wake, ligi kubwa zimemshinda. Agosti 2011 alirudi Ubelgiji, Anderlecht, na nani anatua hapohapo mwezi huohuo akitoka Liverpool? Jovanović. Anderlecht wakawa mabingwa 2012 na 2013, Mbokani akapewa Kiatu cha Dhahabu cha Ubelgiji cha mwaka 2012. Hadithi inajirudia mara ya tatu: László Bölöni, kocha aliyechukua naye ubingwa wa 2009, alikuwa Antwerp mwaka 2018 Mbokani alipojiunga nayo, umri umeshapita thelathini, na mabao yakarudi.

Watu husema alikuwa mchezaji wa Ubelgiji tu, kwamba ligi ile ilimtosha. Mimi nasoma tofauti. Mbokani alikuwa mtu wa kuupokea mpira akilipa goli mgongo, kumlaza beki kwa bega, na kuuachia mguso mmoja kuelekea mahali ambapo hajatazama. Mguso huo hauna maana bila mtu wa pili. Alipokuwa na watu waliokwisha kuujua, alikuwa mshambuliaji wa daraja la juu. Alipokuwa na wageni, alionekana mzito na mzembe.

Lomana LuaLua anaharibu nadharia nyingi za vijiwe vyetu. Kwenye kila kona utasikia kwamba maajabu hutoka kwenye ardhi yetu, kwenye mipira ya makaratasi na miguu pekupeku. LuaLua alizaliwa Kinshasa lakini alikulia Uingereza, na soka lake la kulipwa alilianza Colchester. Alikuwa na maajabu kuliko wengi waliokulia hapa: chenga za miguu miwili na sarakasi za kushangilia. Februari 2004, akiwa Portsmouth kwa mkopo kutoka Newcastle, aliifunga Newcastle yenyewe, mwajiri wake, bao la kusawazisha dakika za mwisho. Aprili 2006 aliifunga Arsenal, akashangilia kwa sarakasi, akaumia kifundo cha mguu. Kipaji kilikuwepo, shangwe ilikuwepo. Alipokuwa na mpira, wenzake mara nyingi walisimama kumtazama kama sisi mashabiki.

Upande mwingine kabisa yuko Mbwana Samatta, ambaye Lubumbashi inamdai kidogo na Dar es Salaam inamdai mzima. Alikuja Mazembe 2011 akitokea Simba, akaondoka Januari 2016 akiwa bingwa wa Afrika na mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Kule Genk ya Ubelgiji akatwaa ubingwa wa 2019. Sasa kumbuka mabao yake ambayo Waingereza waliyaona: lile la Anfield dhidi ya Liverpool Novemba 2019, lile la mechi yake ya kwanza ya ligi na Aston Villa dhidi ya Bournemouth, na lile la Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 2020. Yote matatu ni ya kichwa. Ndani yake hamna tobo wala kanzu. Kuna hatua mbili zilizopigwa kabla beki hajazipiga. Samatta angecheza Musonoi Jumapili, nina shaka kama watoto wangeliita jina lake kabla ya bao.

Mengine yasikupotezee muda. Urefu hudanganya kwa vijana wa miaka 15, kasi hudanganya zaidi, na umri ulioandikwa kwenye karatasi ni mazungumzo ya siku nyingine. Usimpime mtu kwenye mechi ambayo timu yake inaongoza kwa mabao manne. Njoo mechi ngumu, dakika ya sabini, wakiwa nyuma kwa bao moja na jua likiwapiga usoni, uone kama bado anageuza shingo.

Kisha wakala atakuja na barua ya majaribio, na ukoo mzima utakusanyika. Swali la mshahara litaulizwa bila msaada wako. Wewe uliza timu hiyo inapokea mpira kwa namna gani, uliza nani atakuwa nyuma ya kijana huyu akigeuka na nani mbele yake akitoa kisigino. Wakala akishindwa kutaja hata jina la kiungo mmoja wa timu anayoinadi, mrudishe kijana mazoezini Jumanne.