Kamera Haifungwi kwenye Tiara

Mwaka 1906, wiki kama sita baada ya tetemeko la ardhi na moto kuiangamiza San Francisco, mpiga picha George R. Lawrence alipandisha juu ya ghuba ya mji ule tiara 17 zilizofuatana kwenye waya mmoja. Zilibeba kamera ya kilo 22. Jina aliloipa picha yake linataja hata urefu: futi 2,000 juu ya maji, yaani mita 600 na ushei, jua likizama. Barabara zimenyooka kama kwenye ramani, ila pembeni mwake yamebaki magofu. Watu wakiiona huuliza tiara ziliwezaje kuinua mzigo ule. Mimi sioni ajabu hapo. Kuinua ni kazi ya upepo, na tiara 17 zikikusanywa ni tanga kubwa. Ajabu ni kwamba picha haikutikisika.

Anayeanza leo kupiga picha kwa tiara, au kishada kama wengine mnavyoita, hukwama papo hapo. Siku yangu ya kwanza nilichukua simu kuukuu, nikaibana kwa selotepu kwenye uti wa tiara na kuiweka ipige kila baada ya sekunde tano. Ilirudi na picha mia na kitu: bahari imelala ubavu, mawingu, mkia wa tiara, mawingu tena. Iliyotoka safi ni moja tu, ya unyayo wangu, na hiyo ilipigwa kabla hatujaruka.

Nilipata faraja kujua kwamba mwanzilishi wa kazi hii naye aliifunga kamera kwenye tiara yenyewe. Arthur Batut, wa mji mdogo wa Labruguière kusini mwa Ufaransa, alianza mwaka 1888. Huko juu hakuna wa kubonyeza, basi aliwasha utambi unaoungua polepole. Moto ukifika mahali pake, kilango cha lenzi kinafyatuka. Ufyatuo huo uliachia ukanda wa karatasi, ukaanguka, naye chini akajua picha tayari. Aliweka na kipimo cha mgandamizo wa hewa ili ajue kamera ilikuwa juu kiasi gani, maana bila urefu huwezi kuipimia ardhi iliyo kwenye picha. Hesabu zote hizo alizipatia. Alichobaki nacho ni kwamba tiara ikitikisa kichwa, kamera nayo inatikisa.

Lawrence alivitenganisha hivyo viwili. Kamera yake ilining'inia, ikatolewa miti ya mianzi pembeni, na kutoka ncha za mianzi zikashuka kamba za hariri zilizokutana chini kwenye kipande cha risasi. Uzito huo wa chini ndio uliokuwa unairudisha kamera mahali pake kila upepo ulipoisukuma. Umeme ulipita kwenye waya kufyatua, mwavuli mdogo ukaachiliwa kama ishara, kisha mtambo mzima unashushwa kubadilishiwa filamu. Fikiria kazi yote hiyo kwa picha moja.

Sisi tunaotumia kamera ya gramu 150 hatuhitaji risasi. Tunachotumia ni kifaa cha Mfaransa Pierre Picavet, cha mwaka 1912, na sijaona kilichokishinda kwa urahisi. Ni bapa mbili zilizopishana kama alama ya kujumlisha, kila ncha ina kipete. Uzi mmoja usiokatwa unapita kwenye vipete hivyo, unapanda hadi kwenye viungio viwili vilivyoshikishwa kwenye kamba ya tiara, kama mita moja kutoka kimoja hadi kingine, unashuka, unapanda tena, mpaka unarudi ulikoanzia. Kamba ikiinuka au ikilala, uzi unateleza, upande mmoja unafupika na mwingine unarefuka, bapa zinabaki mlalo. Kamera inakaa chini yake. Changu nilikitengeneza kwa alumini ya sentimita 20 na pete za funguo, nikashangaa kwa nini bado kinapinda. Kumbe pete ya funguo ina pengo, na uzi unazama humo ukanasa. Nikaweka pete zisizo na pengo, ugonjwa ukaisha.

Mahali pa kukitundika ni kwenye kamba, mita 20 au 30 chini ya tiara, na ni baada ya tiara kupanda na kutulia. Chini upepo umechanwachanwa na miti na mapaa. Tiara ikishaivuka hewa hiyo inavuta sawasawa, na hapo ndipo unapoamua kama ni siku ya picha au ya kurudi nyumbani. Ikiwa inayumba bila kamera, ukiiongezea kamera haitapata adabu.

Upepo wa kilomita 12 hadi 20 kwa saa unatosha tiara ya pembetatu yenye upana wa mita mbili na nusu. Baharini utauona: vichwa vya mawimbi vinaanza kutoa povu hapa na pale. Povu likitapakaa kote, subiri. Kamba iwe ya kusokotwa. Mshipi wa kuvulia unavutika mno na unakata viganja, kwa hiyo glavu si mapambo. Nyaya za umeme na viwanja vya ndege ukae navyo mbali. Lenzi iwekwe kuona mbali, kilango kifunguke kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, mengine uyaache.

Kazi kubwa iliyobaki ni kusimama panapofaa, kwa sababu tiara huenda upepo unakokwenda. Mashamba ya mwani ya pwani ya mashariki ya Unguja ni darasa zuri. Wakati wa kusi upepo unatoka baharini. Bamvua likikausha maji, unatembea kwa miguu hadi upande wa goshini wa mashamba, unageukia nchi kavu, na tiara inajilaza juu ya vijiti na kamba za akina mama bila kulazimishwa. (Paje epuka wale wanaovutwa na tiara zao majini, upepo tunagombea mmoja.) Kamera ikiwa kwenye mita 100 za kamba, na kamba imeinama nyuzi 45, iko mita 70 juu. Ukitembea hatua kumi kushoto, nayo inahama hatua kumi. Picha niliyoipenda zaidi ilitokea hivyo: safu za mwani kama mistari ya daftari, na katikati kivuli cha mama aliyeinama, kirefu kuliko yeye.

Kushusha usiikunje kamba ukiwa umesimama, utachoka na utaivuruga. Mwenzio ashike kibao cha kamba, wewe uipitishe chini ya kwapa na utembee kuifuata tiara. Kamba inalala, kamera inakujia mikononi kwanza. Ifungue, iweke mfukoni, ndipo ushughulike na tiara.